Kosa la faini au dhambi? Mkristo mbele ya sheria ya nchi

Swali hili hunijia kwa sura nyingi, lakini sijalisikia likiulizwa kwa uwazi kama wanavyoliuliza wavuvi wa Kigoma: "Mwalimu, kuvua wakati ziwa limefungwa ni dhambi ya kwenda kuungama, au ni kosa la faini tu?" Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazolizunguka ziwa hilo, yaani Burundi, Kongo na Zambia, ili dagaa, migebuka na samaki wengine wapate nafasi ya kuzaliana. Mitumbwi ikavutwa nchi kavu, na swali likaanza kuzunguka kwenye jumuiya ndogondogo.

Mimi hufundisha teolojia ya maadili hapa Tabora. Wanaoniuliza wengi wao ni makatekista, ambao nao wameulizwa na watu wao na wanataka kurudi na jibu linaloshika. Jibu langu ni kwamba kuvunja sheria ya nchi si dhambi kila mara, na zipo nyakati ambapo kuitii ndiko dhambi. Lakini wengi wanaolikimbilia jibu hilo halikuandikwa kwa ajili yao. Nitaeleza yote mawili.

Kila anayeanza mjadala huu huanza na Warumi 13: "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu, kwa maana hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu." Paulo aliandika maneno hayo mnamo mwaka 57, kaisari akiwa Nero, kwa hiyo hatuwezi kusema alikuwa akiifikiria serikali ya watakatifu. Tatizo ni kwamba wengi huishia mstari wa 2. Mstari wa 4 unasema mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Hapo mamlaka inapewa uzito wake, na hapohapo inawekewa mpaka: ni mtumishi, na ametumwa kazi maalumu. Paulo mwenyewe, liwali wa mfalme Areta alipoweka ulinzi Dameski ili amkamate, hakujipeleka kwa walinzi. Aliteremshwa ukutani ndani ya kapu, akaenda zake, na baadaye akaisimulia habari hiyo kwa Wakorintho bila kuomba radhi. Mtu huyohuyo, mahali pengine, aliitetea haki yake kama raia wa Rumi na kukata rufaa kwa Kaisari. Anayemfanya Paulo kuwa mhubiri wa utii usiouliza kitu hajamsoma Paulo.

Na andiko hilo limewahi kutumika vibaya karibu na kwetu. Watawala wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini walilipenda sana. Mwaka 1985 wanateolojia wa huko walitoa tamko linaloitwa Hati ya Kairos, na moja ya kazi zake kubwa ilikuwa kuonyesha jinsi Warumi 13 ilivyogeuzwa kuwa baraka kwa dola iliyokuwa ikiwaonea watu wake.

Sasa, mpaka uko wapi? Mwalimu ninayemtegemea zaidi hapa ni Mtakatifu Thoma wa Akwino, wa karne ya 13. Kwake sheria ni agizo la akili kwa manufaa ya wote, lililotolewa na mwenye dhamana ya kuitunza jamii, na likatangazwa. Kwa kuwa sheria ni agizo la namna hiyo, inaibana dhamiri: anayeivunja hamkosei polisi, anamkosea jirani ambaye sheria ilikuwa inamlinda. Lakini agizo likikosa mojawapo ya hayo, sheria imepungukiwa. Thoma anataja namna mbili za kupungukiwa, na tofauti kati ya hizo mbili ndiyo moyo wa jambo zima. Watu wakizichanganya wanapotea upande huu au ule.

Namna ya kwanza ni sheria inayokuamuru kutenda uovu, au inayokukataza kile Mungu alichokuamuru. Hiyo haitiiwi kamwe. Wakunga Shifra na Pua waliamriwa na Farao wawaue watoto wa kiume wa Waebrania, wakawaacha hai, na Maandiko yanasema Mungu aliwatendea mema. Mitume waliambiwa wasifundishe kwa jina la Yesu, wakajibu: "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu." Karoli Lwanga na wenzake waliuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa sababu Kabaka Mwanga aliwataka yale ambayo Mkristo hawezi kuyatoa kwa mfalme yeyote. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2242, inasema waziwazi kwamba raia anawajibika katika dhamiri kutofuata maagizo ya mamlaka yanayopingana na maadili, na Calvin, kwa upande wa wanamatengenezo, aliufunga mjadala wake kuhusu serikali kwa maneno yaleyale ya mitume. Hapa makanisa yetu hayana ugomvi.

Namna ya pili ni sheria isiyokuamuru kutenda dhambi, ila inakubebesha mzigo usio wa haki. Labda mtawala ameitunga kwa faida yake mwenyewe, labda amevuka mamlaka aliyopewa, labda mzigo umegawanywa vibaya, maskini akabebeshwa wa tajiri. Sheria ya namna hiyo, anasema Thoma, yenyewe haikufungi katika dhamiri. Hata hivyo huenda ukapaswa kuifuata, kwa sababu nyingine iliyo nje yake: kuepuka makwazo, au kuepuka vurugu itakayoleta madhara makubwa kuliko mzigo wenyewe. Yesu alifanya hivyo katika Mathayo 17. Alimweleza Petro kwamba wana hawatozwi kodi, kisha akamwambia alipe, "tusije tukawakwaza."

Tabora ina historia ya namna zote mbili, na nashangaa jinsi tunavyoipita barabarani bila kuiangalia.

Njia ya misafara kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ilipita hapa, na pamoja na pembe za ndovu walipita watu waliofungwa. Sheria na desturi za watawala wa wakati ule ziliwahesabu watu hao kuwa mali. Wajerumani walipoitawala nchi hawakuufuta utumwa mara moja. Walitangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 watakuwa huru, na waliokwisha kuwa watumwa wakabaki humo. Utumwa ulikomeshwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo kulikuwa na miaka mingi ambapo mtu aliyetoroka na kubisha hodi usiku alikuwa, mbele ya sheria, mali ya mwingine iliyopotea. Mkristo angefanya nini? Kumbukumbu la Torati 23:15 haikuacha shaka: mtumwa aliyekukimbilia usimrudishe kwa bwana wake. Aliyemficha alikuwa mvunja sheria, na alikuwa mtu wa haki. Hapo sioni nafasi ya kusitasita hata kidogo.

Namna ya pili inahitaji busara zaidi, na mfano wake ni mkutano wa TANU uliofanyika hapa Tabora Januari 1958. Mkoloni alikuwa ameleta uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, na hakuruhusiwa kupiga kura bila kutimiza masharti ya elimu, kipato au cheo. Ukipima kwa kipimo cha Thoma, ni sheria dhalimu katika mgawo wake: watu wachache walipewa viti sawa na mamilioni, na mamilioni wenyewe wengi wao wakafungiwa nje. Wajumbe wengi walitaka kuisusia. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amesoma Tabora na baadaye akafundisha Shule ya Mtakatifu Maria papa hapa, alisimama upande wa kushiriki. Hoja yake ikashinda, Zuberi Mtemvu akatoka na kuanzisha chama chake, na TANU ikaingia kwenye uchaguzi wa 1958 na 1959 ikiwaunga mkono wagombea wa rangi zote tatu walioafikiana nayo. Wazee wanauita Uamuzi wa Busara.

Najua kususia kura hakukuwa uhalifu, kwa hiyo mfano huu haulingani na swali letu kwa kila kipande. Nautumia kwa sababu unaonyesha kitu ambacho wengi hawakioni: mtu anaweza kuingia ndani ya utaratibu dhalimu, akaufuata masharti yake, na dhamiri yake ikabaki safi, kwa kuwa utaratibu huo haukumtaka atende uovu, na yeye anautumia ili auondoe. Kura tatu ilimtaka Mwafrika achukue pungufu ya haki yake. Haikumtaka amdhulumu mwingine. Kama ingemtaka hivyo, busara yote ya Tabora isingetosha kuihalalisha.

Kuna namna ya tatu ambayo haihusu sheria mbaya kabisa. Sheria nzuri hutungwa kwa hali za kawaida, na mtunga sheria hawezi kuona kila usiku na kila kijiji. Pikipiki hairuhusiwi kubeba mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, na ni sheria njema. Wodi za majeruhi zinatuambia kwa nini. Lakini chukua kijiji cha ndani huko Uvinza, mvua imenyesha, mama ana uchungu wa kujifungua, usafiri uliopo ni bodaboda moja, na bila mtu wa kumshika kwa nyuma ataanguka. Dereva akiwabeba wote wawili taratibu hadi kituo cha afya, hakutenda dhambi, na wala hakuidharau sheria. Alifuata kile mtunga sheria angekiagiza kama angekuwepo pale. Wanamaadili wanaiita fadhila hii epikea, na Thoma anaihesabu kuwa sehemu ya haki, tena sehemu yake bora. Mfano wake ni wa mji uliozingirwa: amri ni kufunga malango, lakini raia wanaoutetea mji wanafukuzwa na adui huko nje, basi wafunguliwe. Ila anaongeza sharti tunalopenda kulisahau. Kama hatari si ya papo hapo na muda upo, nenda kaulize kwa mwenye mamlaka. Dereva anayebeba mshikaki kila jioni kwa sababu nauli ni nzuri hawezi kulitumia jina la epikea.

Sasa turudi kwenye neno "faini," kwa sababu lina ukoo mrefu kuliko wavuvi wangu wanavyodhani. Mwaka 1236 Wadominikani waliandika katika katiba ya shirika lao kwamba kanuni zao za ndani haziwafungi ndugu chini ya dhambi, ila chini ya adhabu. Nia ilikuwa njema: ndugu aliyechelewa mezani asiende kulala akidhani amemkosea Mungu. Baadaye wanateolojia wakalichukua wazo hilo na kulipeleka kwenye sheria za serikali, na Francisco Suárez akalitetea katika kitabu chake kikubwa kuhusu sheria cha mwaka 1612. Likawa fundisho kamili: zipo sheria za adhabu tupu, hasa za kodi, ushuru, uwindaji na ukataji kuni misituni, ambazo mtu akizivunja hana dhambi, mradi akikamatwa akubali adhabu. Vizazi vya mapadre vilifundishwa hivyo, na nadhani masalia yake ndiyo tunayoyasikia kwa wavuvi mwaloni Kibirizi, Kigoma.

Mimi silikubali, na wanamaadili wengi wa leo wameliacha. Sababu ya kwanza ni Paulo mwenyewe, Warumi 13:5: "ni lazima kutii, si kwa sababu ya ile ghadhabu tu, ila na kwa sababu ya dhamiri." Na anaendelea kutaja kodi na ushuru, vitu vilevile ambavyo fundisho hili lilitaka kuvitoa. Sababu ya pili ni Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati yake ya mwaka 1965 kuhusu Kanisa katika ulimwengu wa leo, namba 30, inawakemea wanaokwepa kodi za haki kwa hila, na wanaopuuza kanuni za afya na za mwendo wa magari, kwa kuwa hawajali kwamba wanahatarisha uhai wao na wa wengine. Maaskofu wa dunia nzima waliona mwendokasi unastahili kutajwa katika hati ya Mtaguso. Wapo madereva wa mabasi wanaosali kabla ya safari ambao ningependa waisikie namba hiyo.

Na kuna jambo la tatu. Hata waliolitetea fundisho la adhabu tupu walisema mvunja sheria anafungwa katika dhamiri kuipokea adhabu. Mvuvi anayesema "ni kosa la faini tu," kisha akikamatwa anampenyezea askari kitu kidogo ili faini yenyewe isilipwe, amekosa hata kwa kipimo cha wale waliokuwa wapole kuliko wote.

Basi kuhusu ziwa. Je, kulifunga ni kwa manufaa ya wote? Ndiyo, samaki wanaovuliwa kabla ya kuzaliana ni wale ambao mtoto wa jirani hatawapata. Mamlaka ipo? Ipo, na kwa ziwa la nchi nne ilipasa wakubaliane. Ilitangazwa? Kila mtu alijua. Linabaki swali la mgawo wa mzigo, na hapa malalamiko ya wavuvi yana ukweli ndani yake. Mwenye vyombo kadhaa na injini huweza kuwa na akiba. Baharia wake, na mama anayenunua dagaa mwaloni na kuwaanika mchangani ili auze vipimo viwili vitatu, hawana. Miezi mitatu kwao si mapumziko. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu viongozi wa dini tunapenda kuhubiri utii na kuwaachia wengine njaa. Parokia inayowaambia watu wasiende ziwani na isiwe na gunia la mahindi kwa ajili ya mwezi wa pili imehubiri nusu.

Hata hivyo, mzigo mzito si sawa na mzigo dhalimu, na njia ya kuurekebisha ipo: kupaza sauti kwa diwani, kwa mbunge, kwa idara ya uvuvi, hata mahakamani. Katiba yetu, ibara ya 26, inampa kila mtu wajibu wa kutii sheria na papo hapo haki ya kuchukua hatua za kisheria kuzilinda Katiba na sheria hizo. Kwa hiyo nawajibu hivi: kwa kawaida, ndiyo, ni dhambi, na uzito wake hupimwa kwa madhara. Anayewasha taa na kutupa nyavu usiku kwa ajili ya soko la mjini wakati wenzake wote wamejizuia anawaibia wenzake. Ila mtu ambaye nyumbani hakuna kabisa, akapata samaki wa kupika jioni ile, simwiti mwizi. Daudi alikula mikate ambayo sheria ilimkataza, na Yesu alimtetea.

Kodi sitaikalia sana. Kila mtu aliyeingia dukani amewahi kuulizwa kama anataka bei ya risiti au bila risiti, na Mkristo anayechagua ya pili kwa ujumla anakosea. Wengi hujitetea kwamba kodi "zinaliwa," na hilo ni shtaka la kweli dhidi ya wanaozila. Halikupi haki ya kujilipa mwenyewe fungu la zahanati.

Niongeze upande ambao hauulizwi. Ikiwa kuvunja sheria si dhambi kila mara, kutii nako si wema kila mara. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani, Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Baba wa Kikristo aliyemwoza binti yake akiwa na miaka 15 hakuvunja sheria hiyo, lakini alimkosea binti yake. Nimewaambia wazazi hivyo ana kwa ana, na wengine hawakupenda.

Swali la mwisho, na kwangu ndilo gumu kuliko yote, linatoka Kasulu na Kibondo, kando ya kambi za Nyarugusu na Nduta. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 haimruhusu mkimbizi kutoka nje ya kambi bila kibali. Serikali ina sababu zake za usalama, na sizidharau. Mkoa wa Kigoma umebeba wageni wa vita za majirani kwa miongo mingi kuliko mikoa mingine. Lakini mama ametoka, ana mtoto mgongoni, yuko mlangoni kwako anaomba chakula. Nawaambia makatekista: mpe. "Nalikuwa mgeni, mkanikaribisha" haikuweka sharti la kibali. Kumlisha mwenye njaa kuko juu ya hofu yako ya kuulizwa maswali, na ukiulizwa, jibu ukweli.

Kumlaza usiku mmoja kwa sababu giza limeingia nakuona vilevile. Kumficha kwa wiki na miezi ni jambo jingine, na hapo nataka nijue anakimbia nini. Anayekimbia kuuawa au kubakwa harudishwi kwa yule anayemtishia, liwe liwalo; anayetafuta kibarua, msaidie atafute kibali, nenda naye kwa wanaohusika, mwombe padre au mchungaji aandike barua.

Na kuna watu wananijia na Mathayo 25 mkononi huku shambani kwao wanalima wakimbizi wanaolipwa sahani ya ugali, na wakidai zaidi wanatishiwa polisi. Hao hawavunji sheria kwa ajili ya mgeni. Wanaitumia sheria kumbana mgeni. Andiko linalowahusu ni Yakobo 5:4, kuhusu ujira uliozuiliwa kwa hila. Kabla ya kuzungumza nao habari ya kibali, nawataka walipe, kwa kiwango kilekile wanachomlipa kibarua Mtanzania wa kijiji hicho, na kwa siku zote alizolima.